Zijue Herufi za Kigiriki Kabla ya Kukutana na Fomula

Mwanafunzi wa sekondari anapofungua kitabu cha fizikia na kukuta ρ = m/V, aghalabu kinachomkwamisha si hesabu. Kugawanya amekujua tangu shule ya msingi. Kinachomkwamisha ni kile kialama cha kwanza: hajui kinaitwaje, hajui kalamu inaanzia wapi kukiandika, na anaona haya kuuliza. Basi anakiita "p" na kukiandika "p". Baada ya majuma machache inafika mada ya kanieneo, p halisi inaingia, na daftarini mwake densiti na kanieneo vinakuwa kitu kimoja. Nimeyaona haya kwenye madaftari mengi ya watoto wenye akili nzuri kabisa, na kila mara naumia, kwa sababu tatizo hilo lingekwisha ndani ya saa chache kama lingeshughulikiwa mapema.

Ndiyo maana nashauri jambo ambalo ratiba za shule hazilitengei nafasi: jifunze herufi za Kigiriki kwa ajili yake zenyewe, kabla ya kuzikuta zimebeba mzigo wa fomula. Juma moja linatosha. Wala ushauri huu si wa mwanafunzi peke yake. Unamhusu fundi redio anayesoma mita, muuguzi anayenakili dozi, mzazi aliyepewa karatasi ya maabara ya mwanawe, mwanachuo anayehangaika na tasnifu, na muumini anayetazama maandishi yaliyochongwa kwenye altare bila kujua yanasema nini.

Anza na mdomo

Herufi ni 24, nazo zinagawanyika vizuri katika mafungu sita ya nne nne. Siku ya kwanza: alfa, beta, gama, delta. Ya pili: epsiloni, zeta, eta, theta. Ya tatu: iota, kapa, lamda, miu. Ya nne: niu, ksi, omikroni, pai. Ya tano: ro, sigma, tau, ipsiloni. Ya sita: fi, khi, psi, omega. Siku ya saba unazipitia zote. Zitamke kwa sauti, usizisome kwa macho tu. Mtu asiyeweza kuitaja herufi hawezi kuuliza swali juu yake, na darasani asiyeuliza hubaki nyuma.

Majina yenyewe yana matamshi zaidi ya moja. Waliosomea kwa Kiingereza husema fai, kai na sai pale ambapo Mgiriki husema fi, khi na psi. Shika yale yanayotumika darasani kwako, ila uyatambue na mengine, usije ukadhani umeletewa herufi mpya. Kisichofaa ni kuita "ile ya duara yenye kijiti katikati", maana zipo mbili za namna hiyo, theta na fi, na moja kijiti chake kimelala, nyingine kimesimama.

Katika matamshi mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko wageni wengi. Wagiriki wa leo hutamka theta kwa th ya thelathini, delta kwa dh ya dhahabu, gama kwa gh ya ghali, na khi kwa kh ya kheri. Sauti zinazowatoa jasho wanafunzi wa Kigiriki kutoka nchi nyingi, sisi tunazo tayari vinywani.

Aliyepita madrasa ana mtaji mwingine, na ningependa autumie. Wagiriki walizipata herufi zao kwa Wafoinike, kwenye karne ya 8 Kabla ya Kristo au mapema kidogo, na hati ya Kiarabu imetoka kwenye ukoo huohuo. Wafoinike waliandika konsonanti peke yake. Wagiriki walipokuta herufi za sauti ambazo lugha yao haikuwa nazo, wakazigeuza kuwa irabu: ndugu yake alif akawa alfa, ndugu yake ayn akawa omikroni. Kisha wakazitumia herufi hizo kama tarakimu, kama Waarabu walivyofanya baadaye kwa abjad. Sasa weka safu mbili bega kwa bega. Alif ni 1, alfa ni 1. Be ni 2, beta ni 2. Jim ni 3, gama ni 3. Dal ni 4, delta ni 4. Wau ni 6, na Wagiriki kwa 6 waliibakiza herufi ya kale, digama, iliyokwisha kutoka kwenye maandishi yao ya kawaida. Ya na iota ni 10. Kaf, lam, mim, nun ni 20, 30, 40, 50; kapa, lamda, miu, niu ni 20, 30, 40, 50. Safu hizo zinakwenda pamoja hadi 80, ndipo zinapoachana, kwa kuwa 100 ya Kiarabu ni qaf na ya Kigiriki ni ro. Aliyekariri abjad, hawaz, huti, kalaman akiwa mdogo amekwisha kariri zaidi ya nusu ya alfabeti ya Kigiriki bila kuambiwa. Mwalimu wa hisabati wa Pwani anayeanzia hapo atawaona wanafunzi wake wakitabasamu.

Kisha mkono

Katika herufi kubwa, 14 zinafanana na zile za Kilatini: Α, Β, Ε, Ζ, Η, Ι, Κ, Μ, Ν, Ο, Ρ, Τ, Υ na Χ. Hizo hutazikuta mara nyingi kwenye fomula kwa maana ya Kigiriki, kwa sababu hakuna atakayezitofautisha. Ila ukisoma maneno ya Kigiriki jihadhari nazo: Η ni eta, si h, Ρ ni ro, yaani r, Χ ni khi. Zinazobaki ni 10, na ndizo wanasayansi wanazozipenda: Γ, Δ, Θ, Λ, Ξ, Π, Σ, Φ, Ψ, Ω.

Kazi kubwa ipo kwenye herufi ndogo, ambazo kwa kweli ni changa. Zilikomaa mikononi mwa wanakili wa vitabu kwenye karne ya 9 Baada ya Kristo. Kwa kuwa zilizaliwa kwenye mwandiko, zinaandikika kwa haraka ukijua pa kuanzia. Hapa naomba uvumilivu wako, maana hapa ndipo alama za mtihani zinapopotelea.

Ro (ρ) inaanzia chini ya mstari, inapanda na kuzunguka, bila kuinua kalamu. Haina ncha juu. Ndiyo tofauti yake na p, ambayo ina mguu ulionyooka unaochomoza. Miu (μ) nayo inaanzia chini ya mstari kwa mguu mrefu wa kushoto. Ukiukata mguu huo umeandika u. Eta (η) inashusha mguu wa kulia chini ya mstari, la sivyo ni n. Sigma (σ) ni duara lenye bendera fupi juu inayoelekea kulia; ukiipandisha bendera juu sana inasomeka 6. Alfa (α) ichore kama samaki anayeelekea kushoto, mkia wake ukiwa wazi kulia, ili isifanane na a. Omega (ω) ina matako ya mviringo, w ina ncha. Khi (χ) inazama chini ya mstari, x inakaa juu yake. Beta (β) ina mguu unaoteremka chini na matumbo mawili, nayo si ile ß ya Kijerumani ambayo watu wengi huiokota kwenye kompyuta. Hiyo ni s mbili zilizoungana na haina uhusiano na Ugiriki.

Zeta (ζ) na ksi (ξ) ndizo zinazowatesa hata walimu. Zeta ina kona moja, ksi ina mbili au tatu, zote zinamalizikia kwa mkia chini ya mstari. Ziandike ukurasa mzima, zikiwa pamoja, mpaka mkono wenyewe uzitofautishe.

Ipo jozi moja ambayo hata mwandiko mzuri hauiokoi: niu (ν) na v. Katika somo la mawimbi vitabu vingine hutumia ν kwa masafa na v kwa mwendo, katika fomula moja. Kama mwalimu wako anakuruhusu, tumia f kwa masafa, uandike v = fλ na kuendelea na kazi. Sioni faida yoyote ya kushikilia ν ubaoni kwa chaki, mbele ya wanafunzi waliokaa nyuma.

Uliza ni ya nani

Ukishazijua kwa jina na kwa mkono, inakuja tabia ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: kila unapokutana na herufi, uliza imekaa katika fani gani na mwandishi ameipa kazi gani. Herufi haina maana yake yenyewe. Lamda (λ) katika mawimbi ni urefu wa wimbi, katika mnururisho ni kiwango cha kuoza kwa atomi. Miu katika msuguano ni kizidishi cha msuguano, katika takwimu ni wastani, katika vipimo ni sehemu moja ya milioni. Ro ni densiti, nayo hiyohiyo katika umeme ni ukinzani mahususi wa waya. Mwandishi makini husema "ambapo λ ni…" mara tu baada ya fomula. Mstari huo usiuruke. Na katika daftari lako, chini ya kila fomula, andika kila herufi ina maana gani na inapimwa kwa kizio gani. Inachosha, lakini mwanafunzi anayefanya hivyo kwa muhula mmoja haanguki tena kwenye shimo la ρ na p.

Baadhi ya matumizi yana historia inayosaidia kumbukumbu. Pai ilitumiwa kwa uwiano wa mzingo na kipenyo na William Jones wa Wales mwaka 1706, kutokana na neno la Kigiriki la mzingo linaloanza na herufi hiyo, kisha Leonhard Euler akaieneza mpaka ikakubalika kila mahali. Hiyo 22/7 tuliyofundishwa shule ya msingi ni makadirio, nayo inazidi kidogo: inatoa 3.1428 wakati pai ni 3.1415. Archimedes wa Sirakuza alikwisha kuonyesha kwamba thamani halisi iko chini ya 22/7. Mwambie hivyo mwanao mapema, asije akaamini kwamba π na 22/7 ni kitu kimoja.

Sigma kubwa (Σ) ni ya kujumlisha, na delta kubwa (Δ) ni ya tofauti au badiliko. Herufi za kwanza za maneno ya Kilatini yenye maana hizo ndizo zilizoongoza uchaguzi. Delta hiyohiyo ndiyo tuliyonayo katika Delta ya Rufiji na Delta ya Tana. Wagiriki waliona ardhi ya mdomo wa Nile ina umbo la pembetatu wakaiita kwa herufi yao, na jina likaenea kwa mito mingine ya dunia. Ernest Rutherford naye mwaka 1899 aliitenganisha miale ya alfa na ya beta kwa uwezo wake wa kupenya, kisha mwaka 1903 akaiita ya tatu gama. Mpangilio wa herufi ndio mpangilio wa kupenya: alfa huzuiwa na karatasi, beta na bamba jembamba la alumini, gama huhitaji risasi nene au zege. Ukikumbuka alfabeti, umekumbuka na jibu.

Kwa fundi, mawili yanatosha. Alama ya omu ni omega kubwa (Ω) kwa kuwa O ya jina la Georg Ohm ingesomwa sifuri. Kabla hujaandika kipimo, tazama kama mita imeonyesha Ω, kΩ au MΩ, kwa sababu kila hatua ni mara elfu. Na kwenye kapasita ya feni, 2.5 μF, 2.5 uF na 2.5 MFD ni kitu kilekile: mikrofaradi. Hiyo M ya MFD si mega.

Pale herufi inapogusa uhai

Nataka nikae zaidi hapa. Katika dawa, miu iliyoandikwa vibaya inaweza kuua. Miligramu ni mg, mikrogramu ni μg, na tofauti yake ni mara 1,000. Mwandiko wa haraka unaifanya μ ionekane m. Dawa ya tezi ya levothyroxine hutolewa kwa mikrogramu 25, 50 au 100. Foliki asidi kwa mama mjamzito ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4. Mtu akisoma μ kama m, kosa si dogo. Ushauri wangu kwa muuguzi, mfamasia na mwanafunzi wa utabibu ni kutoiandika μ kabisa kwa mkono. Andika "mikrogramu" kwa ukamilifu, au mcg kama fomu ni ya Kiingereza. Na wewe mgonjwa au mzazi, ukiona kwenye karatasi μg na kwenye pakiti mg, usiogope kuuliza pale pale dirishani, hata foleni ikiwa ndefu.

Katika majibu ya maabara, herufi za Kigiriki huonekana sana kwenye ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Afrika Mashariki zinaujua kwa machungu. Himoglobini ya mtu mzima imeundwa na minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Selimundu ni hitilafu katika jeni ya mnyororo wa beta. Mtoto akiwa tumboni na katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, badala ya beta ana minyororo ya gama, na hiyo haina hitilafu. Ndiyo sababu mtoto mwenye selimundu huonekana mzima kabisa miezi ya kwanza, kisha maumivu na uvimbe wa vidole huanza pale beta inaposhika nafasi ya gama. Mzazi akiuelewa mpangilio huo, ataelewa kwa nini daktari anataka mtoto apimwe mapema ingawa anacheza na kunyonya vizuri, na kwa nini afya ya miezi mitatu si ushahidi kwamba ugonjwa haupo.

Omega-3 nayo imejaa kwenye matangazo. Omega ni herufi ya mwisho, na hapa ina maana ya kuhesabu kutoka mwisho wa mnyororo wa mafuta: muungano maradufu wa kwanza uko kwenye kaboni ya tatu kutoka mkiani. Hakuna zaidi ya hapo katika jina. Samaki wenye mafuta, dagaa wakiwemo, wanayo; si lazima iwe kidonge cha bei kubwa.

Ushauri kwa wanaoandika tasnifu

Wanachuo wengi hukutana na herufi hizi kwa mara ya pili wakati wa takwimu, na kwa hofu ileile ya kidato. Kanuni ya kuwaokoa ni hii: herufi za Kigiriki ni za jumla yote unayoitafiti, herufi za Kilatini ni za sampuli uliyoipima. Wastani wa jumla ni μ, wa sampuli ni x yenye mstari juu. Mchepuko sanifu wa jumla ni σ, wa sampuli ni s. Kama uligawa hojaji kwa watu 200 wa wilaya nzima, ulichokokotoa ni s. Ukiandika σ, mtahini mkali atakuuliza kama uliihoji wilaya yote.

Tena kuna alfa mbili ndani ya tasnifu moja. Ya kwanza ni alfa ya Lee Cronbach, aliyeieleza mwaka 1951, inayopima kama maswali ya hojaji yanakwenda pamoja. Hapo watu hufurahia 0.7 na kuendelea. Ya pili ni kiwango cha kosa unachokubali kabla ya kuanza, ambacho kwa kawaida ni 0.05. Moja unaitaka iwe kubwa, nyingine unaitaka iwe ndogo. Nimesoma rasimu zilizozitaja zote mbili kama "alfa" bila kueleza, na msomaji anabaki gizani. Itaje kila moja kwa jina lake kamili. Na khi-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900 iandikwe χ², si X².

Kwenye kompyuta, acha mtindo wa zamani wa kuandika herufi ya kawaida kisha kubadilisha fonti iwe Symbol. Kwa macho yako m imekuwa μ, lakini ndani ya faili inaweza kubaki m. Faili ikifunguliwa kwenye mashine nyingine, au maneno yakinakiliwa kwenye barua pepe, fonti inapotea na μg inarudi kuwa mg. Nimekwisha kueleza hatari yake. Katika Microsoft Word ya Windows, andika msimbo wa herufi kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: 03B1 inatoa α, 03B2 inatoa β, 03BB ni λ, 03BC ni μ, 03C0 ni π, 03C1 ni ρ, 03C3 ni σ, 03C7 ni χ, 0394 ni Δ, 03A9 ni Ω. Ukiwa ndani ya kisanduku cha fomula, andika mkwaju wa nyuma na jina la herufi kwa Kiingereza, kwa mfano \alpha, na itageuka yenyewe. Kwenye simu ongeza kibodi ya Kigiriki katika mipangilio. Ni bure, na utaitoa ukimaliza.

Zinapokuwa majina tu

Wakati mwingine herufi hizi hutumika kama majina ya kupanga vitu kwa zamu. Johann Bayer alizitumia mwaka 1603 kuziita nyota, mara nyingi alfa ikiwa angavu kuliko zote katika kundi lake. Alfa na Beta za Kentauri zinaonekana vizuri kusini mwa anga letu jioni za Mei na Juni, zikiuelekea Msalaba wa Kusini. Lakini katika Orioni, Alfa ni Betelgeuse, ilhali Beta, yaani Rigel, ndiyo inayong'aa zaidi kwa kawaida. Usiichukulie herufi kama hati ya ubora.

Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani liliamua kuziita aina mpya za kirusi cha korona kwa herufi hizi, ili nchi iliyogundua aina fulani isibebeshwe lawama kwa jina. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Novemba mwaka huohuo walipofika kwenye aina mpya waliruka niu, inayosikika kama neno la Kiingereza la "mpya", na ksi, ambayo kwa maandishi ya Kilatini ni jina la ukoo la watu wengi, wakachukua omikroni. Upande wa vimbunga vya Atlantiki mambo hayakwenda vizuri hivyo. Mwaka 2020 majina ya kawaida yalikwisha, herufi zikatumika hadi iota, na zeta, eta na theta zilipofuatana zikawachanganya wasikilizaji. Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaachana na utaratibu huo Machi 2021. Ukisoma takwimu kwa simu au redioni, basi, usitegemee sikio la mwenzako: sema "theta, ya pembe", "eta, ile kama n".

Kwa wanaosali, mazoezi mazuri kuliko yote yako kanisani. Mshumaa wa Pasaka una Α na Ω, herufi ya kwanza na ya mwisho, kama zinavyotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. IHS iliyochongwa kwenye altare ni iota, eta na sigma, herufi tatu za mwanzo za ΙΗΣΟΥΣ, jina la Yesu. Hiyo H ya katikati ni e ndefu. Alama ya P iliyopitiwa na X ni khi na ro, mwanzo wa ΧΡΙΣΤΟΣ. Katika makanisa ya Kiorthodoksi ya Kenya, Uganda na Bukoba, picha takatifu huandikwa IC XC, na pale C ni sigma ya mtindo wa kale. Chukua daftari, nakili maandishi hayo, yasome herufi moja moja kwa majina yake. Kisha jaribu maneno unayoyajua: ΠΕΤΡΟΣ, ΜΑΡΙΑ, ΑΛΕΞΑΝΔΡΕΙΑ. Ukiyamaliza bila kutazama orodha, fungua ukurasa wowote wa Agano Jipya la Kigiriki. Utakutana na sigma yenye sura mbili, σ mwanzoni na katikati ya neno, ς mwishoni. Ni herufi ileile. Zote zisome s.